Kisu cha Pili cha Mzee Masaba

Asubuhi kwetu juu ya mlima Wanale huanza na ukungu. Ukungu ukiondoka, mji wa Mbale unaonekana kule chini, mabati yake yanang'aa. Saa hizo mume wangu, Masaba, alipenda kukaa mlangoni na chai yake, akitaja vitu alivyoviona. Yule amebeba majani ya ng'ombe. Lile ni gari la kahawa linateremka. Siku moja akanigeukia mimi, akasema kitambaa changu cha kichwa kimepauka, ninunue kingine.

Nilicheka. Kabla ya hapo alikuwa hawezi kukiona kitambaa, hata kichwa chenyewe.

Jicho lake la kulia lilikufa zamani. Tawi la mti wa kahawa lilimchoma wakati wa kuvuna. Jicho la kushoto ndilo lililobaki, na uzeeni likaingia mtoto wa jicho. Dunia yake ikawa moshi mtupu. Binti yetu Patience, aliyeolewa Jinja, akatuita kwake, mtaa wa Nalufenya. Jirani yake anaitwa Kulusumu, muuguzi wa macho, mwanamke mpole lakini hataki uvivu. Kulusumu akatupeleka hospitalini. Daktari akaitoa lenzi ya kuzaliwa iliyochafuka ndani ya jicho, akaweka mpya ya plastiki. Masaba akarudi mlimani anaona. Aliona mpaka vumbi juu ya kabati langu, na akalisemea wiki nzima.

Mwaka huo ulikuwa mwaka wa imbalu, tohara yetu sisi Wagisu. Mjukuu wetu Wamimbi alikuwa ametangaza kwamba yuko tayari. Baba yake, mtoto wetu wa kwanza, alikwisha kufariki. Kwa hiyo kazi ya baba ilikuwa imemwangukia babu. Yeye ndiye wa kumpaka kijana unga wa kimea. Yeye ndiye wa kusimama mbele yake siku ile, amtazame machoni mpaka ngariba amalize.

Kwetu kijana hukatwa amesimama, watu wote wakitazama. Haguni, hapepesi macho. Akitikisika, ukoo wote unainamisha kichwa. Na kisu ni cha mara moja. Mtu akirudishwa kwenye kisu kwa sababu cha kwanza kilibakiza, atachekwa mpaka azeeke.

Hayo ni mambo ya tohara. Lakini Masaba aliyachukua akayapeleka mpaka kwenye jicho lake. Hapo ndipo alipokosea.

Nilianza kumwona anapiga hewa kwa mkono, kama mtu anayefukuza nzi. Nzi hawakuwepo. Nilipouliza, akasema ni masizi ya jiko langu yanaruka. Nikafagia jiko. Bado akapiga hewa. Baadaye akaniuliza nani anamulika tochi pembeni, na hapakuwa na tochi. Nikamwambia tumpigie Kulusumu simu. Akasema mwanamume hasemi habari za kidonda cha kisu. Ameshakatwa, ameshapona, basi.

Mimi nikaendelea kuotesha ulezi wa pombe ya imbalu.

Kisha akaanza kujikwaa. Kizingiti cha mlango wetu amekivuka tangu ujana wake, lakini sasa alikigonga kwa kidole cha mguu. Nikimwekea chai kwenye kigoda, mkono wake ulipita hewani, ukaiangusha. Asubuhi moja aliangusha kikombe, nikaona hakukitafuta. Alikaa tu, mikono juu ya magoti. Nikachuchumaa mbele yake.

"Mzee, unaniona?"

"Nakuona kichwa na mabega."

"Na chini?"

"Chini hakuna kitu," akasema. "Ni giza. Linapanda kama maji kwenye shimo."

Sikuuliza tena ruhusa. Nilimpigia Patience, naye akakimbia uani kumpa Kulusumu simu. Kulusumu aliniuliza maswali mafupi. Je, jicho linauma? Haliumi hata kidogo. Je, alianza kuona vitu vyeusi vinaelea? Je, aliona mwanga wa ghafla kama radi pembeni? Na sasa kuna pazia? Yote nilijibu ndiyo. Kisha akasema maneno ambayo sijayasahau.

"Mama, mlete leo. Si Jumatatu. Leo. Asibebe mzigo, asisugue jicho, na usimtie dawa yoyote, ya duka wala ya majani."

Masaba alikataa. Alisema imbalu ya Wamimbi imekaribia, ulezi umeshachipua, wajomba wamepewa habari. Tohara ikishapita ndipo atakwenda. Na pia watu watasema nini? Watasema yule daktari alibakiza, mzee amerudishwa kwenye kisu.

Nilimwambia kuangaliwa si kukatwa. Akae kwenye gari la kahawa la jirani, ashuke, aangaliwe, basi. Nikamwambia pia kwamba asipokwenda, ulezi wangu nitawapa kuku. Hilo alilisikia. Jirani akaendesha polepole mpaka mjini, na kutoka Mbale tukaingia Jinja kabla jua halijazama.

Daktari aliyetupokea aliitwa Mayur. Ni Mhindi wa Jinja, amezaliwa pale pale. Kiswahili na Lusoga, lugha ya wenyeji, alijifunza dukani kwa baba yake, akiwasikiliza wateja. Alimtia Masaba matone ya kupanua mboni, tukangoja. Kisha akamulika ndani ya jicho muda mrefu, huku akimwambia atazame juu, atazame chini, atazame pembeni. Alipomaliza, alivuta kiti akaketi karibu yetu.

Alisema retina imeanza kubanduka. Masaba akauliza hiyo retina ni mdudu gani. Kulusumu, aliyekuwa amesimama hapo na sare yake ya kazi, akaomba aeleze yeye.

"Mzee, nyumba yako imepigwa lipu ndani?"

"Imepigwa. Mimi mwenyewe nilichanganya simenti."

"Lipu ikipata ufa, na maji ya mvua yakaingia nyuma yake, inakuwaje?"

"Inavimba. Inaachana na ukuta. Mwishoni inaanguka."

Kulusumu akamwambia jicho nalo ni hivyo. Retina ni utando mwembamba, umebandikwa kwenye ukuta wa nyuma ndani ya jicho. Huo ndio unaopokea picha ya kila kitu. Wa kwake umechanika juu. Maji ya ndani ya jicho yameingia nyuma ya mchaniko, na sasa utando unaachana na ukuta. Mahali palipoachana hapaoni. Picha ndani ya jicho hukaa kichwa chini miguu juu, kwa hiyo utando ukibanduka juu, mtu anapoteza chini. Ndiyo maana hukioni kizingiti, akamwambia.

Masaba akauliza lile lililokuwa linamuuma. Je, ni ile lenzi? Je, kisu cha kwanza kilibakiza?

Daktari Mayur alitikisa kichwa. Alisema lenzi imekaa vizuri kabisa, safi kama kioo. Kisu cha kwanza kilimaliza kazi yake. Hii ni kazi nyingine. Jicho lina ute katikati, mzito kama wa yai. Baada ya mtoto wa jicho kutolewa, kwa watu wachache ute huo unasogea na kuuvuta utando mpaka unachanika. Si kosa la mgonjwa wala la daktari. Hutokea wiki chache baadaye, au miezi, hata miaka. Hata jicho ambalo halijapasuliwa laweza kulipata uzeeni. Walio wengi hawapati shida hiyo kamwe. Lakini anayepata hupewa dalili: nzi weusi, mwanga wa radi, kisha pazia.

"Tuliwaambia dalili hizo siku mlipotoka hapa," Kulusumu akasema, taratibu.

"Mlituambia," Masaba akasema. "Nilisikia."

Nikauliza kama kuna dawa ya matone, ama miwani. Daktari akasema hapana. Lipu iliyobanduka huirudishi kwa kuipaka rangi. Dawa yake ni upasuaji tu. Atautoa ule ute, auvute utando urudi mahali pake, azibe mchaniko, kisha ajaze gesi ndani ya jicho. Gesi ndiyo itakayokandamiza utando kwenye ukuta mpaka ushike, kama mkono unavyoshikilia lipu mbichi. Baada ya wiki kadhaa gesi huyeyuka yenyewe.

Alisema pia lililo kweli. Walio wengi hupona kwa upasuaji mmoja. Kwa wachache utando hubanduka tena, wakarudi. Na asingeweza kuahidi kwamba jicho litakuwa kama zamani. Lakini katikati ya utando, pale pa kuonea nyuso na kusoma, palikuwa bado pameshika. Maji yalikuwa yanateremka kuelekea hapo. Yakifika, hata upasuaji ukiwa mzuri, kuona hakurudi sawasawa.

"Lini?" Masaba akauliza.

"Kesho asubuhi," daktari akasema.

Masaba akaeleza habari ya Wamimbi. Akauliza kama angeweza kukatwa kesho, kisha apande mlimani siku ya imbalu.

Hapo daktari akaweka kalamu chini. Akasema hilo ndilo gumu. Gesi ikiwa ndani ya jicho, mtu hapandi ndege wala hapandi mlima mrefu. Ukipanda juu, hewa ya nje inakuwa nyepesi na gesi inavimba. Jicho linajaa presha, mtu anaweza kupofuka njiani. Jinja anaweza kukaa. Mbale mjini anaweza kukaa. Wanale, hapana, mpaka gesi iishe.

Kulikuwa na njia nyingine, ya kutia mafuta maalumu badala ya gesi. Mafuta hayavimbi mlimani. Lakini hayayeyuki, lazima mtu arudi tena kuyatoa kwa upasuaji. Na kwa mchaniko wa Masaba, daktari aliona gesi inafaa zaidi. Tena hata kwa mafuta, alisema, mtu aliyetoka kupasuliwa jicho hawezi kusimama kwenye vumbi na msukosuko wa imbalu.

Tulitoka nje, tukakaa kwenye benchi la uani. Patience alikuja na chai ndani ya chupa. Hakuna aliyeinywa. Masaba alisema kama ni hivyo, atangoja. Atampaka Wamimbi, atasimama mbele yake, kisha jicho life likitaka kufa. Alisema mtoto hana baba. Akitazama mbele siku ile, amwone nani?

Patience akaanza kulia. Mimi sikulia. Nilikuwa namfikiria yule kijana. Nikamwambia Patience ampigie simu, kwa sababu tulikuwa tunaamua habari zake bila yeye. Masaba akakataza, nikamwambia mwanamume anayekwenda kwenye kisu anaweza kuulizwa neno.

Patience akamweleza Wamimbi yote, simu ikiwa na sauti wazi. Upande wa pili tulisikia njuga, maana alikuwa mazoezini. Kisha njuga zikanyamaza.

"Babu," akasema, "siku ile ukiwa umesimama mbele yangu na huoni, itanisaidia nini?"

Masaba akaisogelea simu.

"Mimi nitasimama tu. Wajomba wapo. Lakini baada ya hapo nitapewa shamba la baba. Nani mwingine anajua masale, ile mimea ya mpaka, yalipandwa wapi? Baba mdogo anaishi mbali, hajui. Majirani wameshaanza kuyasogeza. Ninakutaka na macho, babu. Kwa imbalu nitashuka mwenyewe unipake huko huko."

Simu ikakatika, labda hela zilikwisha. Masaba alikaa akiuelekeza uso wake kwenye sauti ambayo haipo tena. Nilimwona anavyojaribu kuitazama miguu yake na hawezi.

"Mama," akaniambia, "ule ulezi usiwape kuku." Kisha akasimama, akanyoosha mkono niushike, tukarudi ndani kumwambia daktari ndiyo.

Alipasuliwa asubuhi. Walimchoma sindano ya ganzi kando ya jicho, hakulala usingizi. Alitulia kama gogo. Kulusumu aliniambia baadaye kwamba hata daktari alimsifu. Masaba akasema kumtulia daktari mmoja si kitu, yeye alitulia mbele ya kijiji kizima.

Kazi ngumu ilikuja baadaye. Kila mgonjwa huambiwa alaze kichwa kwa namna yake, kulingana na mchaniko ulipo. Masaba aliambiwa siku za kwanza uso utazame chini, mchana na usiku, isipokuwa muda mfupi wa kula na kujisaidia. Gesi hupanda juu kama povu, na uso ukiwa chini, povu hilo linakandamiza nyuma. Nyumbani kwa Patience tulipanga mito, Masaba akaweka paji la uso juu yake. Alikunywa uji kwa mrija. Shingo ilimuuma, mgongo ukamuuma. Alisema sasa anajua mawazo ya ng'ombe.

Na alilalamika. Nami nilifurahi kumsikia, kwa maana kila kilichouma alikitaja, nami nikamwambia Kulusumu. Siku moja alisema jicho linauma sana na tumbo linataka kutapika. Kulusumu hakungoja. Alimpeleka wakapima presha ya jicho, ikawa imepanda, wakampa dawa ikashuka. Angenyamaza, tungelipoteza jicho lile kwenye mito.

Daktari alipoona utando umeshika, alituruhusu kurudi Mbale, lakini mjini tu. Tulikaa mtaa wa Nkoma kwa mpwa wangu, mwalimu. Kutoka uani kwake mlima wetu unaonekana wote, na Masaba alijua uko hapo, lakini ndani ya jicho aliona mwanga tu unaotikisika, kama mtu aliye chini ya maji.

Wamimbi alikuja mchana, siku mbili kabla ya zamu yake. Njuga tulizisikia kutoka mbali, na nyimbo, na wenzake wakicheza nyuma yake. Kwetu vijana huzunguka hivyo kwa ndugu. Wanafunzi wa shule ya Nkoma walitoka malangoni kutazama. Alipoingia uani, wenzake wakabaki nje, wakanyamaza.

Masaba alikuwa amekaa kwenye kiti, ameinamisha kichwa. Kijana alisimama mbele yake, kama desturi. Masaba akasema hawezi kuinua uso. Basi Wamimbi akapiga magoti, akawa chini kabisa, mpaka uso wake ukaingia chini ya uso wa babu yake. Sijapata kuona kijana wa imbalu akipakwa hivyo.

Nilishika bakuli la kimea. Masaba akachota, akampaka kichwa, akampaka uso kwa vidole, polepole, kama mtu anayejifunza njia gizani. Akampaka kifua na miguu. Wazee hapo husema maneno makali, kumjaribu kijana. Masaba alisema machache.

"Kisu kikija, simama. Usifumbe macho. Hilo unalijua."

"Najua, babu."

"Halafu kuna jingine ambalo mimi sikuambiwa. Kisu kikishaondoka, kidonda kikiuma vibaya, kikivimba, kikitoa usaha, sema. Sema siku hiyo hiyo. Kunyamaza ni kwa kisu, si kwa kidonda."

Wamimbi alisimama siku yake, akasimama vizuri. Sisi tulisikia vigelegele kwenye simu. Masaba alishika simu ile sikioni hata ilipokuwa imezimika.

Gesi iliisha taratibu. Ndani ya jicho aliona mstari mmoja kwa juu, kila siku unashuka, na juu ya mstari kulikuwa na dunia. Kwanza aliona dari, kisha mlango, kisha mimi. Daktari Mayur alipomwangalia mara ya mwisho, alisema gesi imekwisha na utando umeshika kote. Haoni kama zile wiki za kwanza za lenzi mpya. Mistari mingine inampinda kidogo, na jioni anahitaji taa. Lakini kizingiti anakivuka. Tulipopanda Wanale, alimshika Wamimbi mabega, akamtazama kwa muda, akamwambia amekonda. Kesho yake wakashika njia ya shambani, mzee mbele, kijana nyuma na panga.

Jumapili moja wazee walikuwa wamezunguka chungu cha malwa, ile pombe ya ulezi, nyumbani kwetu, kila mmoja na mrija wake mrefu. Magombe, rika la Masaba, ni mtu wa maneno. Akauliza kwa sauti kama ni kweli kuna mzee hapa aliyerudishwa kwenye kisu. Wengine wakacheka ndani ya mirija.

"Ni kweli," Masaba akasema. "Nimekatwa mara mbili, na wakiniita mara ya tatu nitakwenda. Na wewe, Magombe, shati lako umelivaa ndani nje tangu kanisani."

Walicheka mpaka chungu kikatikisika. Magombe alilivua, akaligeuza, akafunga vifungo bila haraka. Kicheko kilipokwisha, alivuta kigoda chake karibu na cha Masaba. Nilikuwa naongeza maji ya moto kwenye chungu, ndiyo maana nilisikia.

"Wale nzi wako," akauliza kwa sauti ya chini, "walikuwa wanafananaje?"

Masaba akautoa mrija mdomoni.

"Umeanza kuwaona lini?"

"Juzi."

Masaba alisimama, akaingia ndani kutafuta koti lake, akaniita nimpigie Kulusumu.